Midomo ya Sista Minda

Wahenga waliotuachia methali ya mtaka cha mvunguni hawakusema kitanda kiwe cha nani, wala hawakutaja umri, cheo au maumivu ya kiuno ya huyo anayetakiwa kuinama. Walisema ainame, basi. Maana yake ni kwamba mtu akitamani kitu kilicho mahali pa chini hana budi kujishusha mpaka akifikie, hata kama jana yeye ndiye aliyekuwa akiinamiwa. Ukweli huu anaujua vizuri Luzviminda Catalbas, maarufu kama Sista Minda, aliyejifunza kuinama akiwa na miaka arobaini na sita, katika mji wa Winnipeg, kwenye baridi inayogandisha chozi kabla halijafika shavuni.

Kabla ya hapo hakuwa mtu wa kuinama. Kwao Iloilo, mji wa visiwa vya joto ng'ambo ya bahari, alifanya kazi ya uuguzi miaka kumi na tisa, na kwa miaka kumi na mmoja kati ya hiyo alikuwa mkuu wa wodi ya wanaume. Wodi ilikuwa na vitanda arobaini na wagonjwa sitini, kwa hiyo hata hesabu yenyewe ilikuwa na homa. Kilichoiokoa ni walinzi. Kila mgonjwa alikuja na mlinzi wake, awe mke, shangazi au mpwa, na mlinzi huyo ndiye aliyemwogesha mgonjwa, akamlisha uji, akakimbilia dawa dukani, kisha usiku akatandika boksi mvunguni mwa kitanda na kulala hapo. Wauguzi walishika sindano, dripu na mafaili. Sista Minda alishika wauguzi.

Tena alitawala bila kupoteza maneno. Watu wa kwao wakitaka kukuonyesha kitu hawainui kidole. Huchongoa midomo kuelekea kitu kilipo, na kila mtu akaelewa. Midomo ya Sista Minda ilikuwa na nguvu za kijeshi. Akiichongoa kuelekea ndoo, ndoo iliondoka. Akiichongoa kuelekea mlango, mgeni aliyepitiliza saa ya kutazama wagonjwa alijikuta barabarani akijiuliza kosa lake. Kitu kikianguka mvunguni hakikumhusu, maana mvunguni kulikuwa na mtu tayari.

Mumewe Nonoy alipopata kazi katika kiwanda cha nyama huko Winnipeg, Sista Minda alimfuata akiwa amekumbatia vyeti vyake kama mtoto mchanga. Vyeti vilikwenda kwenye baraza la wauguzi, vikakaa huko miezi kumi na minne kama mwali ndani, kisha vikatoka na jibu. Mafunzo yake yalionekana kuwa na mapengo. Njia iliyokuwa wazi kwake ilikuwa ya kuwa muuguzi wa vitendo, ngazi moja chini ya ile aliyoiacha kwao, na hata hiyo sharti kwanza apimwe na watahini mbele ya wagonjwa wa kuigiza. Alipewa nafasi mbili. Akizikosa zote, arudi darasani miaka miwili pamoja na watoto waliozaliwa wakati yeye tayari anatia sahihi mafaili.

Wakati akisubiri, alifanya kazi ya uhudumu katika nyumba ya kulelea wazee. Hapo ndipo moyo ulipomuuma. Asubuhi moja alimwona mzee anapumua vibaya, akajua ni nini, akajua na la kufanya. Lakini mhudumu hana ruhusa hiyo. Alikimbia kumwita nesi, kisha akasimama kando ameshika taulo, kama mpishi hodari aliyefungiwa nje ya jiko huku chungu chake kinaungua. Mzee alipona. Aliyerudi nyumbani mgonjwa ni Sista Minda. Jioni ile alimwambia Nonoy kwamba leseni ataipata, iwe ya ngazi yoyote, maana hawezi kuzeeka ameshika taulo.

Kwenye jaribio la kwanza alikwenda na sare iliyopigwa pasi mpaka ikaweza kusimama yenyewe. Chumbani alimkuta mzee aliyelipwa ajifanye amevunjika nyonga, na mwanamke aliyelipwa ajifanye binti wa mzee. Pembeni alikaa mtahini, Bi Hrynkiw, mwanamke mwembamba mwenye kalamu isiyochoka. Chini ya kitanda, kwa makusudi kabisa, walikuwa wametupa ndara za mgonjwa na kengele yake ya kumwitia nesi.

Sista Minda alifanya kile ambacho muuguzi yeyote wa Iloilo angekifanya: alimtafuta mlinzi. Alipomwona yule binti alifurahi kama aliyekutana na mtu wa kijijini kwao. Akamweleza binti habari zote za baba yake, tangu operesheni mpaka choo. Akamkabidhi kitambaa amwoshe mzee uso. Kisha akaona ndara na kengele mvunguni, akachongoa midomo. Binti akatabasamu kwa wasiwasi. Sista Minda akachongoa tena, kwa mkazo. Binti akaona haya, akatazama dirishani. Mara ya tatu midomo ilitoka nje kiasi cha kutundikiwa kofia, na bado hakuna aliyeinama. Mzee mwenyewe alilala pale kimya kama mzigo unaosubiri mwenyewe. Sista Minda akaandika faili lake kwa mwandiko mzuri, akaaga kwa heshima, na akiwa kituo cha basi akampigia mumewe simu anunue samaki mkubwa.

Barua ilikuja baada ya wiki tatu, na kwa ubaridi ilishinda hali ya hewa. Mtahiniwa, ilisema, hakuzungumza na mgonjwa hata mara moja. Mtahiniwa alitoa siri za mgonjwa kwa mtu mwingine bila idhini. Mtahiniwa alimwachia jamaa kazi ya muuguzi. Mtahiniwa aliacha kengele ya mgonjwa sakafuni. Aidha, mtahiniwa alimpelekea binti wa mgonjwa busu mara tatu, kwa sababu ambayo haikueleweka.

Sista Minda aliisoma sentensi ya mwisho mara nne. Nonoy aliisoma mara moja, akaingia bafuni, akafungua maji yote ili kicheko chake kisisikike. Kilisikika.

Kila aliyeombwa ushauri alitaja jina lilelile: Renante Sumagaysay. Alikuwa muuguzi wa vitendo kwa mwaka wa nane sasa, na kila Jumapili baada ya misa aliwafundisha wauguzi wageni katika ukumbi ulio chini ya kanisa, bila malipo ila chakula. Wengi waliopita mikononi mwake walifaulu. Ubaya ni kwamba Sista Minda alimjua. Renante aliwahi kuwa mwanafunzi katika wodi yake, kijana mwembamba mwenye mikono inayotetemeka. Siku moja, mbele ya wagonjwa na walinzi wao, Sista Minda alimfanya atandike kitanda kimoja mara kumi na moja. Mwishowe akamwambia kwamba kwa mikono ile akauze taulo, asiguse watu. Kijana alilia kwenye stoo ya mashuka, na wodi nzima ilisikia.

Jumapili ya kwanza Sista Minda alifika mpaka uwanja wa magari, akageuza. Jumapili ya pili alifika kwenye ngazi. Jumapili ya tatu aliingia, ila alibeba sufuria ya supu ya tambi ili mtu akimuuliza awe na uongo wa kushika mkononi.

Ukumbini kulikuwa na wanafunzi kumi na kitanda kimoja kikuukuu cha hospitali. Juu ya kitanda alilala Bibi Pasing, bibi yake Renante, mwenye miaka themanini na mmoja, aliyekuwa mgonjwa wa mazoezi. Kazi aliipenda. Tangu mwezi ule uanze alikwisha kufa mara sita na kuzimia mara zisizohesabika.

"Dada Minda," Renante alisema. "Misa iko juu."

"Nimemletea Bibi supu."

Bibi Pasing alifumbua jicho moja. "Hiyo supu inanuka shida. Umefeli, eti?"

"Nani kakwambia, Bibi?"

"Mwanangu, hii Winnipeg. Ukikaanga samaki mkavu Jumatatu, Jumanne watu wanajua alikuwa na miiba mingapi. Na habari za busu zimetufikia."

Wanafunzi kumi walishikwa na kikohozi kwa pamoja. Sista Minda alizitazama ngazi. Zilikuwa karibu, na miguu ilikuwa na nguvu. Lakini alikumbuka jinsi lile taulo lilivyokuwa zito, akaiweka sufuria mezani.

"Toto," alianza, kama wanavyowaita vijana kwao, kisha akameza mate na kuanza upya. "Renante. Naomba unifundishe."

Renante alikuwa ameisubiri siku ile kwa miaka mingi. Alikuwa na hotuba yake, aliyoifanyia mazoezi bafuni, yenye utangulizi, hoja tatu na tamati. Sasa aliitafuta kichwani asiione. Alichoona ni mwanamke mwenye theluji begani, amesimama wima kama askari aliyepoteza kikosi.

"Vua viatu," alimwambia. "Panda kitandani."

Bibi Pasing aliruka chini kwa wepesi usiofaa kwa marehemu, akachukua nafasi ya mlinzi. Renante akaja na faili. Hakumtazama aliyelala.

"Huyu kapata choo?"

"Thubutu," Bibi akajibu. "Tangu Alhamisi. Na tumbo linanguruma kama lori."

"Mkojo?"

"Rangi ya chai. Tena usiku anakoroma, halafu anakataa."

"Mwogeshe basi, mimi nakuja. Mgongoni ana nini?"

"Vipele. Njoo uone," Bibi akasema, akashika ncha ya shuka.

Wanafunzi wakasogea ili waone. Sista Minda akalishika shuka kwa mikono miwili.

"Si mniulize mimi!" alisema. "Niko hapa. Nina masikio. Na tumbo ni langu."

Renante akafunga faili. "Rudia hapo."

Hakurudia. Alibaki akitazama dari, na darini akamwona mkata miwa mmoja aliyelazwa kitanda cha kumi na nne, miaka mingi iliyopita. Mtu yule alimvuta mkono wa sare mara tatu wakati yeye anazungumza na mkewe juu yake. Alimwambia mke amtulize mumewe, akaenda kitanda cha kumi na tano. Mpaka leo hakujua yule bwana alitaka kusema nini. Pengine alitaka maji tu. Sista Minda alijifunika shuka mpaka kidevuni, na kwa muda hakuna aliyemcheka, hata Bibi Pasing.

Kuanzia hapo hakukosa Jumapili. Kwanza ilibidi watibu midomo. Renante alimvalisha barakoa, ili mtu asiweze kuiona na yeye alazimike kusema au kufanya mwenyewe. Mwanzoni midomo iliendelea na kazi yake gizani, barakoa ikichomoka mbele kama panya ndani ya soksi, na wanafunzi wakiinamisha vichwa kwa adabu. Baada ya mwezi ilitulia. Kisha ikaja zamu ya kuomba idhini, na hapo Bibi Pasing alikuwa mwalimu mkali kuliko mjukuu wake.

"Bibi, naomba ruhusa nikupime presha."

"Sitoi."

"Lakini mimi nina mtihani."

"Na mimi nina haki. Jaribu tena baada ya chai."

Hayo yote yalikuwa mepesi. Lililomtoa jasho ni lingine. Siku moja Renante alimpa mfano: mgonjwa amebadilika ghafla, moyo unakwenda mbio, ameandikiwa dawa kali ya kupitia mshipani. Wewe ni muuguzi wa vitendo. Utafanya nini? Sista Minda alitaja kipimo cha dawa, namna ya kuichanganya, kasi ya dripu na dalili za kuangalia, bila kuvuta pumzi. Wanafunzi wengine waliacha kutafuna.

"Umefeli," Renante alisema.

"Nimekosea wapi?"

"Hujakosea popote. Ndiyo sababu umefeli." Akavuta kiti, akakaa karibu naye. Alimweleza kwamba ngazi ile ina mpaka wake, na mpaka ukifika unamwita mwenye kazi, hata kama ni binti aliyemaliza chuo juzi na wewe unaweza kumfundisha usingizini. Unamwita upesi, unampa maelezo yaliyonyooka, unabaki na mgonjwa. "Inauma, Dada. Nisikudanganye. Mwezi wa kwanza nilikuwa naumwa meno kwa kuyasaga. Halafu kuna mgonjwa akakataa kulala mpaka ajue zamu ya kesho ni yangu. Ikapungua."

Siku ya jaribio la pili ilikuwa Februari, na gari la Renante lilikubali kuwaka baada ya kubembelezwa. Mbele ya jengo la mtihani Sista Minda alishika kitasa cha mlango, asiufungue.

"Kitanda chako kile," alisema. "Mara ya nane kilikuwa kizuri. Zile tatu za mwisho zilikuwa kiburi changu. Na la taulo pia. Nisamehe."

Renante alitazama kioo cha mbele, kilichojaa ukungu. "Nilijua. Hata mara ya saba hakikuwa kibaya."

"Mara ya saba kilikuwa kibaya, Renante. Usinipande kichwani."

Wakacheka mpaka kioo kikazidi ukungu, na Sista Minda akashuka.

Safari hii mgonjwa alikuwa mwanamke aliyejifanya amepigwa kiharusi, upande wa kushoto umelegea, na kando yake kijana wa kuigiza mwanawe. Pembeni, kalamu ileile ya Bi Hrynkiw. Sista Minda alimsalimu kijana kwa kichwa, akampita, akavuta kiti, akakaa mpaka macho yake na ya mgonjwa yakawa sawa. Akauliza angependa kuitwa nani. Akauliza kama mwanawe abaki au atoke kidogo. Midomo aliifunga kama mlango wa benki siku ya sikukuu.

Mgonjwa alimwangalia juu mpaka chini. Maneno yale huenda alipewa ayaseme, lakini aliyasema kama ya kwake. "Wewe ni nesi kamili, au wale wa nusu?"

Miaka kumi na tisa ilimpanda Sista Minda kooni. Vitanda arobaini vilimpanda, na wagonjwa sitini, na watoto wa watu aliowazalisha kwenye lifti iliyoharibika. Alikuwa na jibu ambalo lingemrudisha mwanamke yule katika afya yake kwa aibu. Kalamu ya Bi Hrynkiw ilikuwa inasubiri.

"Mimi ni nesi wa kukusaidia usimame leo bila kuanguka," alisema taratibu. "Likitokea lisilo la kwangu, nitamwita mwenye nalo, na sitakuacha mpaka afike. Naomba ruhusa nikuvalishe soksi."

Mgonjwa akaitikia. Sista Minda alipiga magoti sakafuni, magoti yote mawili, akaanza na mguu uliolegea. Alipokuwa chini pale, kijana aliegemea kitanda na kumwambia kwamba mama anasikia kizunguzungu, kwa hiyo aiongeze dripu kidogo, kama alivyofanya nesi wa jana. Sista Minda alijua iongezwe au isiongezwe, alijua kwa kiasi gani, na alijua hadi tone. Vidole vilimwasha. Akainuka, akamlaza mgonjwa vizuri, akampima presha, kisha akabonyeza kengele na kueleza kwa sentensi nne alichokiona na kwamba anamhitaji nesi wa ngazi ya juu. Halafu akabaki ameshika mkono wa mgonjwa. Kwa mara ya kwanza tangu amfahamu, kalamu ya Bi Hrynkiw ilisimama.

Alitoka bila uhakika wowote. Alimpigia Nonoy simu kumwambia asinunue hata dagaa.

Barua ya pili aliipeleka ukumbini ikiwa imefungwa, akampa Renante, kwa sababu mikono yake yeye ndiyo iliyokuwa ikitetemeka. Renante alisoma kimya, akarudia, akajikuna shingo. Mtu mmoja akamwambia mambo ya kutesana ayaache nje. Basi akasoma kwa sauti: mtahiniwa amefaulu, mtahiniwa alizungumza na mgonjwa kama mtu, mtahiniwa aliujua mpaka wa kazi yake na akauheshimu bila kumwacha mgonjwa peke yake. Bibi Pasing, aliyekuwa anakufa kwa mara ya kumi na tatu, aliahirisha.

Ulibaki mtihani wa kuandika, ambao Sista Minda aliufaulu Juni. Leseni ilikuja Julai, na Jumapili iliyofuata akaja nayo ndani ya bahasha, na sufuria ya supu isiyokuwa na uongo ndani yake. Leseni ikapita mkono kwa mkono. Bibi Pasing akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu, akakiri kwamba haoni kitu.

"Kwa hiyo sasa umekuwa bosi tena?" aliuliza.

"Hapana, Bibi," Sista Minda alisema. "Nimekuwa nesi tena."

Bibi Pasing alimrudishia karatasi yake, akamshika shavu kwa kiganja kikavu, na kumwambia aketi ale kabla tambi hazijavimba. Sista Minda alikitafuta kitu chake juu, kwenye cheo, hakukiona; akakipata alipokubali kufundishwa na kijana ambaye yeye mwenyewe aliwahi kumliza. Ndiyo maana wahenga hawakutaja umri wala cheo: mtaka cha mvunguni sharti ainame.